Joto la ghalani laua mtama wa pombe kimyakimya

KATIKA kata ya Nyaishozi, wilayani Karagwe, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera, ni vigumu kupeleka posa, kufunga harusi au kuhitimisha matanga bila rubisi kuwapo. Ni pombe ya ndizi, lakini haiwi rubisi mpaka itiwe mtama. Na ni huo mtama unaokaa nyumbani kwa miezi kadhaa ukisubiri siku ya kazi.

Ndizi hazina subira. Mkungu ukishaiva hukamuliwa ndani ya siku chache, la sivyo huoza. Mtama huonekana kuwa kitu kisichoharibika: unakaushwa, unatiwa katika gunia, gunia linapandishwa darini au linasimamishwa pembeni mwa chumba chini ya bati, na hakuna anayeuuliza habari zake mpaka sherehe ikaribie. Ukizitazama punje, utaziona vilevile kama zilivyokuwa siku ya mavuno. Ndani yake, huenda zimekwishakufa.

Kinachoziua mara nyingi ni joto, likisaidiwa na unyevu. Hasara yake haionekani wakati inapotokea. Huonekana miezi baadaye, mama anapoloweka mtama wake, akaufunika kwa majani ya mgomba na kukuta siku ya tatu kwamba nusu yake haukuota na uliobaki umeanza kunuka.

Kusema kwamba punje imekufa ni kusema kweli tupu. Punje ya mtama, ulezi au shayiri ni mmea mchanga uliolala. Ina ganda, ina akiba ya wanga, na kwenye ncha yake ina kiinitete, sehemu ndogo ambayo ndiyo itakayotoa mzizi na chipukizi. Hata ikiwa kavu na imefungwa ndani ya gunia, punje hiyo inapumua polepole. Inatumia akiba yake kidogo kidogo na kutoa joto, hewa ya kaboni na maji. Joto la mazingira likipanda, upumuaji huo huenda kasi zaidi, mafuta yaliyo ndani ya kiinitete huanza kuchacha, na protini zinazoendesha uhai huanza kuharibika. Wanga hubaki pale pale, ndiyo maana nafaka iliyokufa bado inafaa kwa ugali na uji. Kwa mpika pombe anayetaka kimea, hiyo ni hasara tupu.

Ipo kanuni ya kukadiria ambayo wataalamu wa mbegu duniani wameitumia kwa miongo mingi, inayotokana na kazi za Mmarekani James Harrington. Inasema kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha ya mbegu huongezeka maradufu. Na kila joto la ghala linaposhuka kwa takriban nyuzi sita za Sentigredi, maisha hayo huongezeka maradufu tena. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo pana uchungu.

Tuchukue mfano. Karagwe ni nchi ya vilima; sehemu kubwa yake iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 20. Dar es Salaam wastani ni kama nyuzi 26. Tuseme mtama wenye unyevu wa asilimia 12 unaweza kukaa Karagwe miaka miwili ukiwa bado unaota vizuri. Kwa kanuni hiyo, mtama huo huo ukisafirishwa hadi Dar es Salaam utadumu kama mwaka mmoja. Na kwa kuwa hewa ya pwani imejaa unyevu, gunia likiachwa wazi litaunyonya. Unyevu wa punje ukifika asilimia 14, mwaka huo unashuka hadi miezi mitatu. Ni hesabu ya makadirio tu, lakini inatosha kumweleza mkazi wa Temeke au Kinondoni kwa nini ulezi alioununua sokoni ili apikie mbege nyumbani umekataa kuota, ilhali muuzaji anaapa kwamba ni wa mavuno ya mwaka huu. Huenda muuzaji anasema kweli.

Kwa hiyo wakazi wa Nyaishozi wana bahati ya hali ya hewa. Bahati hiyo, hata hivyo, huishia pale paa linapoanza. Zamani nyumba ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi tangu juu hadi karibu na ardhi, ilikuwa na ubaridi mchana na uvuguvugu usiku. Nyasi nene hazipitishi joto kwa urahisi. Bati hulipitisha. Jua la saa saba mchana likilipiga bati lisilo na dari, bati lenyewe huweza kupita nyuzi 50, na hewa iliyo chini yake hupanda kwa kiasi kikubwa kuliko ile iliyo uani chini ya mti. Gunia lililowekwa juu kabisa, karibu na bati, linaishi katika tabianchi nyingine kabisa, hata kama nje ni Karagwe. Iwapo wastani wa joto la gunia hilo utakuwa nyuzi 11 au 12 zaidi ya lile la chumba cha chini, maisha ya punje yatapungua hadi robo. Hakuna anayetaka kurudi kwenye nyasi, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu kwa kuezeka bati. Ila ni vema kujua kwamba paa lilipobadilika, mahali pa kuweka mtama palipaswa kubadilika pia.

Jambo la pili ni tofauti ya mchana na usiku. Katika nchi ya vilima usiku ni baridi. Mchana hewa iliyo ndani ya gunia au pipa hupata joto, hubeba unyevu kutoka kwenye punje na kupanda nao juu. Usiku bati, au ukuta wa pipa la chuma, hupoa, na unyevu ule hugeuka matone juu ya nafaka. Mwenye mali hufungua pipa asubuhi na kukuta tabaka la juu limelowa na kushikana, akashangaa maji yametoka wapi wakati mvua haijanyesha na paa halivuji. Maji hayo yametoka ndani ya mtama wenyewe.

Nafaka pia hujipasha joto. Mtama uliowekwa gunia ukiwa haujakauka sawasawa hupumua kwa nguvu, na kwa kuwa punje ni kizuizi kizuri cha joto, joto hilo halina pa kutokea. Wadudu huongeza lao. Fukusi na jamaa zake hustawi zaidi kati ya nyuzi 25 na 33. Chini ya nyuzi 18 hivi uzazi wao huzorota sana, jambo ambalo ni faida nyingine ya nchi za baridi. Wakishakuwa wengi mahali pamoja ndani ya gunia, mahali hapo huweza kufikia nyuzi 40, ambapo wao wenyewe hukimbia na kuwaachia ukungu nafasi. Mkulima mzoefu huingiza mkono hadi katikati ya gunia. Akihisi uvuguvugu, hahitaji kipimo cha maabara; anajua kwamba gunia hilo limo kwenye matatizo.

Sasa msomaji anayeijua rubisi atauliza swali la haki. Huo mtama, ambao Wahaya na Wanyambo huuita omugusha, si hukaangwa kabla ya kutiwa kwenye togwa ya ndizi? Kama punje itakwenda kikaangoni, kuna ubaya gani ikiwa imekufa ghalani?

Jibu linahitaji kueleza kwanza pombe inavyopatikana. Chachu, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyotengeneza kileo, hula sukari. Haviwezi kula wanga. Katika rubisi sukari ipo tayari: ndizi za pombe, zinazoitwa embire, huivishwa, humenywa, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na maji yanayotoka ni matamu. Mtama uliokaangwa kidogo na kusagwa huongezwa ili kutoa rangi, ladha na chakula cha ziada kwa chachu, kisha mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya takriban siku moja pombe huwa tayari. Hapo mtama hautakiwi kuota.

Mambo ni tofauti kwa pombe zinazotegemea nafaka kwa sukari yake. Mbege ya Kilimanjaro huhitaji kimea cha ulezi, komoni ya nyanda za juu kusini vilevile, na hata busaa ya magharibi mwa Kenya. Jirani kabisa na Karagwe, katika Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hupikwa omuramba, pombe ya mtama. Huko mtama mwekundu wenye uchachu mkali huchanganywa na majivu ya kuni kabla ya kuoteshwa, kwa sababu majivu hupunguza ule ukali unaozuia kimea kufanya kazi. Ni maarifa ya wenyeji ambayo wanasayansi walikuja kuyathibitisha baadaye, na ni mojawapo ya mambo yanayoonyesha kwamba jiko la pombe la kijijini lilikuwa maabara kabla ya maabara.

Katika pombe hizo zote, punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazokata wanga kuwa sukari. Punje iliyokufa haitengenezi chochote. Ukiwa na punje 100 na 40 kati yake zimekufa, hupotezi nguvu ya hizo 40 peke yake. Zile 40 hulowa maji kama wenzake, hukaa katika uvuguvugu kwa siku nne au tano, na kwa kuwa hazina uhai wa kujilinda, ukungu hutua juu yake na kusambaa kwenye zile zilizo hai. Ndiyo maana viwanda vya kimea vya kimataifa hukataa shayiri ikiwa punje zinazoota ni pungufu ya 95 katika kila 100. Mama wa kijijini hana mkataba wa kukataa mzigo. Hasara ni yake, na wanywaji watakaoona pombe imekuwa chachu au nyepesi watasema ameisahau kazi yake.

Kuhusu rubisi, joto lina madhara ya aina mbili, moja dogo na moja kubwa. Dogo ni ladha. Mafuta ya punje yaliyochacha kwa joto la miezi hutoa harufu ambayo kikaango hakiifuti, na unga uliokwisha kusagwa huchacha haraka zaidi kuliko punje nzima. Kubwa ni sumukuvu.

Ukungu unaozalisha sumukuvu hupenda hali ile ile tuliyoieleza: joto la kati ya nyuzi 25 na 35 na nafaka yenye unyevu. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ini. Muhimu zaidi kwa mpika pombe ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Kukaanga hupunguza sehemu yake tu, kuchemsha hupunguza kidogo zaidi ya hapo, na kuchachusha si tiba. Kileo hakiui sumu iliyokwisha kuwamo.

Afrika Mashariki imelipa gharama ya kulipuuza jambo hili. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kati ya 317 walioripotiwa kuugua baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania: katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walipoteza maisha. Yote hayo yalitokana na mahindi, ambayo hushambuliwa zaidi kuliko mtama. Lakini mahindi mabovu mara nyingi hayatupwi. Yale ambayo familia haiwezi kuyala huuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi anayejulikana wa nafaka iliyoharibika ni mpika pombe. Dhana kwamba nafaka yoyote inafaa kwa pombe kwa kuwa "itachachuka tu" ni ya hatari kuliko watu wanavyofikiri, na inafaa kusemwa waziwazi katika miji yetu ambako pombe za kienyeji hunywewa na maelfu ya watu wasiojua zilitokana na gunia gani.

Haina maana kwamba kila joto ni adui. Jua la mavuno ni rafiki: bila hilo punje hazifiki unyevu wa asilimia 12 au 13 unaotakiwa. Aidha, mtama au shayiri iliyovunwa karibuni huweza kukataa kuota kwa wiki kadhaa kwa sababu bado imelala usingizi wa asili, na uvuguvugu wa wastani katika hali ya ukavu husaidia kuuamsha. Wenye viwanda vya kimea cha shayiri wakati mwingine hupasha joto maghala yao kwa makusudi kwa sababu hiyo. Mpika pombe aliyenunua mtama mpya, akauotesha na kushindwa, asikimbilie kuutupa; aupe mwezi mmoja kisha ajaribu tena. Tofauti ni ya kipimo na muda. Wataalamu wa mbegu hushauri kwamba joto la kukaushia lisizidi nyuzi 43 kwa nafaka itakayooteshwa, na kadiri nafaka ilivyo mbichi ndivyo inavyoumia upesi. Punje kavu huvumilia saa moja ya joto ambalo lingeiua punje yenye unyevu wa asilimia 18.

Kwa hiyo mtama unaoanikwa juu ya bati tupu au turubai jeusi saa sita mchana, ukiwa katika tabaka jembamba na bila kugeuzwa, unaweza kuwa umekwisha kabla haujaingia ghalani. Kuanika kwenye mkeka au chanja, kuugeuza mara kwa mara na kuuondoa jua linapokuwa kali sana ni kazi ya mikono isiyohitaji gharama. Vivyo hivyo kwa masuke yanayotundikwa juu ya meko. Moshi hufukuza wadudu, na desturi hiyo ina akili yake, lakini masuke yaliyo juu kabisa ya moto ni ya kula. Yale ya kuotesha yakae pembeni, mbali na mwali.

Siku hizi madukani kuna mifuko ya plastiki yenye tabaka kadhaa isiyopitisha hewa. Inayojulikana zaidi ni ile ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakifanya kazi nchini Cameroon kuhusu kunde. Wadudu waliofungiwa ndani humaliza hewa na kufa, na unyevu wa nje hauingii. Kwa mpika pombe mijini, hasa pwani, mifuko hiyo ni msaada mkubwa kuliko dawa yoyote ya unga. Ina masharti mawili. Mtama uingie ukiwa mkavu kabisa, kwa maana mbichi utakufa humo humo kwa kukosa hewa. Na mfuko uwekwe kivulini, kwa kuwa plastiki haizuii joto.

Kujua kama mtama ni mkavu hakuhitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi, ongeza konzi ya mtama, tikisa kwa dakika chache kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mtama una unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na haufai kufungwa.

Viwanda vikubwa vimejitoa katika tatizo hili kwa njia yao. Nile Breweries ya Uganda ilipoanza kuuza bia ya Eagle mwaka 2002, iliyotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, haikulazimika kuuotesha mtama huo. Vimeng'enya vilinunuliwa tayari kutoka viwandani. Punje ikiwa imekufa au iko hai, mtambo haujali. Mpika pombe wa Nyaishozi au wa Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, hana duka la vimeng'enya. Duka lake ni kiinitete kilicho kwenye ncha ya punje.

Anachoweza kufanya ni kuhesabu. Wiki mbili kabla ya kazi, achote punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia, kwa kuwa sehemu ya nje ndiyo inayopigwa na joto zaidi na ya ndani huweza kuwa salama. Ahesabu 100 bila kuchagua nzuri, azilaze ndani ya kitambaa kilicholowa na kukiweka mahali penye uvuguvugu, akikinyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu ahesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 90 au zaidi, aloweke bila wasiwasi. Zikiwa 70, aongeze kiasi cha mtama na achambue ukungu kila siku. Zikiwa pungufu ya hapo, na nafaka haina ukungu wala harufu, gunia hilo ni la uji, au la kukaangia rubisi, na atafute jingine la kimea akiwa bado na siku kumi mkononi.

Iwapo kitambaa kitafunguliwa kikiwa na nyuzi za kijani au za manjano juu ya punje, gunia hilo lisiende jikoni, lisiende sokoni na lisiende kwa kuku.